Nani Ameshika Kofia?

Nairobi ukikutana na mtu mliyesoma naye shule ya upili na hamjaonana tangu mtihani wa mwisho, hakuulizi umeajiriwa wapi. Anajua hilo ni swali la kuaibishana. Anakuuliza tu, "Na hustle?" Nawe unajibu, "Iko, nasukuma." Mnagongana ngumi, kila mtu anashika njia yake. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyesema lolote.

Neno tumelikunja na kulinyoosha mpaka limekuwa letu. Tuna hasla na mahasla, ambayo siku hizi hata magazeti ya Kiswahili yanachapisha bila kuomba radhi. Tuna kitenzi, kuhaso. Tuna hustle ya mchana na ile ya usiku. Hapa Zimmerman ninapoishi, jamaa wa smokie na mayai ni hasla, dada wa kusuka nywele ni hasla, mwalimu wa shule ya kibinafsi anayeuza viatu vya mtumba kwa simu ni hasla mara mbili. Pasta wa kanisa la mabati hapa nyuma alisema Jumapili moja kwamba naye anahaso, na waumini wakapiga makofi. Mbunge anasema ni hasla. Ukifikia hatua ambapo muuza mayai na mbunge wanajiita jina moja, ni vizuri mtu aulize jina lenyewe limetoka wapi.

Mimi niliulizwa kwa pesa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kutimia, na tangu hapo nimeishi kwa kuandika. Nimeandika wasifu wa watu wanaotafuta kazi, hotuba za mashemeji kwenye harusi, tanzia, maelezo ya sufuria zinazouzwa mtandaoni. Na kwa karibu miaka mitatu niliandika insha za wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo. Wengi wenu mnaijua hiyo kazi, ama ndugu yako anaifanya, ama jirani yako wa bedsitter ndiye yule ambaye taa yake haizimwi. Nimesomea uuguzi, sheria ya mazingira na nadharia za malezi ya watoto, zote kwa majina ya watu wengine. Siku moja ikaja oda: chagua neno moja la mtaani la Kiingereza, eleza maana zake na asili yake, maneno 1,500, saa kumi na mbili. Nikachagua hustle kwa sababu niliona nalijua. Nililipwa shilingi 350 kwa ukurasa. Ile insha iko na mwenyewe huko aliko. Hii ni nyingine.

Kwanza, neno halikuzaliwa Marekani. Lilitoka Uholanzi. Waholanzi walikuwa na kitenzi hutselen, wengine wakisema husselen, maana yake kutikisa, kurusharusha. Waingereza wakalichukua karne ya 17, miaka ya 1680 hivi, na kitu kilichokuwa kikitikiswa kilikuwa pesa. Kulikuwa na mchezo wa kamari ambapo sarafu zinatiwa ndani ya kofia, kofia inatikiswa, zinamwagwa chini, watu wanainama kutazama zimelala upande gani. Huo mchezo wenyewe ulibeba jina hilo, hustle na kofia yake.

Kwa hiyo wewe unayekaa usiku ukitazama kale kandege kanapaa kwenye simu ukijiuliza utoe doo sasa ama ungoje, hujapotea njia. Umerudi kwa kina neno.

Mimi nilipoisoma hiyo habari ya kofia niliwaza pata potea. Kama hujawahi kuiona, ni jamaa ana karata tatu juu ya kadibodi, anazizungusha, wewe unafuata ile moja kwa macho. Kuna mtu mbele yako ameshinda elfu mbili sasa hivi tu, anarukaruka. Huyo mtu ni wao. Watu watatu ama wanne waliosimama hapo wakishangilia ni wao pia. Mgeni wa kweli kwenye ule mkusanyiko ni mmoja, na ni wewe. Kila ninapofikiria ile kofia ya Waingereza naona hayo mambo matatu: kuna sarafu, kuna kofia, na kuna mkono. Sarafu hazijitikisi.

Karne ya 18 neno likaanza kumaanisha kusukumana, kupigana vikumbo. Halafu wezi wakaliona linawafaa. Kufikia mwaka 1825 hivi, hustler katika Kiingereza alikuwa mwizi, hasa yule anayekusukumasukuma akikuibia. Mbinu yenyewe mnaijua. Uko kwenye mlango wa matatu pale Ronald Ngala, saa moja jioni, wanaume watatu mbele yako hawajui kama wanaingia ama wanashuka. Mmoja anakukanyaga na kukuomba msamaha kwa adabu nyingi kuliko kawaida. Ukikaa kitini ndiyo unagundua mfuko ni mwepesi. Hao ni mahasla wa asili, wa toleo la kwanza.

Wamarekani ndio waliolifulia neno nguo. Miaka ya 1840 kwao lilikuwa bado ni kupata kitu kwa njia za mkato, zenye harufu ya wizi. Miaka ya 1880 likageuka sifa: hustler akawa mtu mchangamfu wa biashara, mwuzaji asiyelala. Lakini zile maana za zamani hazikuhama nyumba. Miaka ya 1920 neno hilohilo lilikuwa linamwita malaya, na baadaye hustle ikawa pia jina la ulaghai wenyewe. Mwizi, mwuza bidhaa, malaya na tapeli, wote wanaishi plot moja na wanatumia choo kimoja. Waandishi wa kamusi wanapanga maana hizi kwa miaka kama hatua za safari. Mimi sioni safari. Ukisimama kandokando ya barabara ukawatazama wote wanne wakiwa kazini, wanafanya kitu kimoja: wanamfuata mtu ambaye hakuwaita, na hawamwachi mpaka mfuko ufunguke.

Hapo ningeacha, kama neno lingebaki kwa wauzaji. Lakini watu waliolipa uzito lilio nao leo ni Waamerika Weusi. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 watu Weusi wapatao milioni sita walihama majimbo ya kusini, wakikimbia ubaguzi wa kisheria na kunyongwa na magenge, wakaenda Chicago, Detroit, New York, Philadelphia. Kule kaskazini walikuta viwanda, na walikuta pia kwamba wao ndio wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufutwa. Nyumba zilikuwepo katika mitaa michache tu, kwa kodi ya juu. Mtu mwenye akili yake na mikono yake akikuta mlango wa mbele umefungwa, anatafuta dirisha. Hustle likawa jina la dirisha.

Tawasifu ya Malcolm X, iliyochapishwa mwaka 1965, ina sura nzima yenye jina hilo, Hustler. Anaeleza maisha yake Harlem miaka ya 1940 akiuza bangi, akicheza namba, akiishi kwa ujanja, kabla ya kukamatwa na kufungwa mwaka 1946. Nilichokipenda ni kwamba hauzi ndoto. Unamwona kijana mwenye kichwa kikali ambaye kila saa ya siku yake inaenda kwa kutoshikwa. Hakuna anayemaliza sura hiyo akasema, natamani ningekuwa yeye.

Kuna kitabu kingine, cha mwaka 1978, cha mwanaanthropolojia Bettylou Valentine, aliyekaa miaka mitano na familia yake katika mtaa wa watu Weusi wa Marekani. Jina lake kwa Kiswahili ni kama Kuhaso na Kazi Nyingine Ngumu. Ameonyesha nyumba ambazo zinaishi kwa vitu vitatu kwa pamoja, kazi ya mshahara mdogo, msaada wa serikali na hustle, kwa sababu hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake kufikisha watu mwisho wa mwezi. Jina la kitabu linaweka kuhaso kwenye foleni moja na kazi nyingine ngumu. Hakuna taji wala hukumu.

Ya katikati nitayapita haraka. Kuna riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1959 na filamu yake ya 1961, Paul Newman akiwa mcheza pool anayeishi kwa kuwafyonza wengine. Hustler wa pool ana siri moja: anaficha ujuzi wake. Anapoteza raundi mbili tatu, analalamika, anaonekana mlevi, dau linapanda, halafu anacheza. Hawezi kula bila mtu asiyejua. Kuna jarida la picha za uchi la mwaka 1974. Kuna dansi ya disko ya mwaka 1975. Halafu hip-hop ikaja ikachukua kila kitu, na mwaka 2006 Rick Ross akatoa wimbo uliobeba neno hilo na ukapigwa dunia nzima. Baadaye ikajulikana kwamba kabla ya muziki aliwahi kuwa askari jela Florida. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba sauti iliyotufundisha kuhaso iliwahi kuwa na mshahara wa serikali.

Nairobi tulilipokea likiwa limefuliwa tayari, likitoka kwenye spika za matatu. Hatukupokea kofia, wala Harlem, wala yule mlevi wa uongo wa meza ya pool. Tulipokea sehemu moja, ile ya kutolala.

Na si kwamba tulikosa maneno. Tanzania wana kubangaiza, neno ambalo lina uchovu ndani yake hata ukilitamka ukiwa umeshiba. Sisi tuna jua kali, jina tulilowapa mafundi waliokuwa wakigonga mabati bila paa juu ya vichwa, kule Kamukunji na kwingine, na ambalo baadaye liliingia kwenye nyaraka za serikali. Ukisema jua kali, angalau unasema jua lilikuwepo na kibanda hakikuwepo. Tuna kutafuta unga. Na tuna kibarua.

Kibarua nilikuwa nikikidharau. Kilinisikika kama neno la babu, na kwa kweli ni la babu, babangu mzaa mama alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini miaka ya sitini. Nilipoanza kuchimba hustle ndipo nikachimba na hili. Kibarua ni barua ndogo. Wanahistoria wa pwani wanaeleza kwamba karne ya 19, Zanzibar na Mombasa, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, na jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira wa siku ilirudi kwa bwana. Si historia tamu. Lakini angalia neno lenyewe lilivyo: limebeba karatasi, na karatasi ina mtu aliyeiandika. Ukiitwa kibarua, kuna mwenye kazi mahali fulani, na anajulikana.

Ndiyo maana vibarua waliweza kugoma. Makuli wa Mombasa waligoma mwaka 1939. Januari 1947 mji mzima ulisimama, makuli, watu wa reli, wa hoteli, hadi watumishi wa majumbani, kwa karibu wiki mbili. Katika mgomo huo ndipo kikazaliwa chama cha African Workers Federation, kikiongozwa na Chege Kibachia, ambaye wakoloni walimkamata Agosti mwaka huohuo wakampeleka kizuizini Kabarnet. Walijua wanagoma dhidi ya nani. Babu aliingia bandarini miaka mingi baadaye, lakini hadithi ya ule mgomo aliisimulia kama aliyekuwepo.

Sasa jaribu kufikiria mgomo wa mahasla. Mmeamka asubuhi, mmeamua leo hatuhaso. Mnagoma dhidi ya nani? Mtaandamana kwenda kwa nani? Mwisho wa siku aliyeumia ni wewe na sufuria yako. Hicho ndicho kitu ambacho neno hili limetuondolea, na lilikiondoa polepole, kwa sifa. Hustle ni kazi ambayo ina mtu mmoja tu ndani yake. Ikienda vizuri ni bidii yangu, ikikwama ni uvivu wangu, na hakuna mtu mwingine kwenye chumba.

Mwenye kulielewa hilo kuliko sote alikuwa mwanasiasa. Kufikia uchaguzi wa Agosti 9, 2022, William Ruto alikuwa ameligawa taifa mafungu mawili, mahasla upande huu na watoto wa majina makubwa upande ule. Alisimulia jinsi alivyouza kuku kando ya barabara akiwa kijana. Chama chake kilichukua wilbaro kuwa alama na Kazi ni Kazi kuwa wito. Alikuwa naibu wa rais tangu 2013, lakini kampeni ilipangwa kana kwamba amekuja mjini juzi na lori la viazi. Alishinda kwa asilimia 50.49.

Sitawacheka waliomwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nakumbuka joto la kusikia hali yangu ikiitwa taifa. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa tatizo: ukosefu wa ajira kwa vijana, hivyo ndivyo tulivyoandikwa. Ghafla tukawa watu, tukiwa na jina. Nilipigia kura nani ni siri yangu na kisanduku. Ninachosema ni kwamba neno lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na tapeli mzuri wa pool pia huwa anajua kucheza kweli.

Novemba 30, 2022, Hazina ya Hustler ilizinduliwa. Mkopo kwa simu, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na siku 14 za kulipa. Mia tano ni trei ya mayai na chenji kidogo. Inaweza kumsaidia mtu, nawajua iliowasaidia kuamka Jumatatu. Lakini ni mkopo. Waliokuwa wakisubiri kazi waliambiwa wakope ili wajipe kazi wenyewe.

Siku hiyohiyo, Novemba 30, 2022, na hili sikulitunga, huko San Francisco ilitolewa kwa umma programu ya kompyuta inayoandika insha. Ukiipa swali inakujibu kabla hujamaliza kukuna kichwa. Sikuijua mpaka Februari. Oda zangu zilikuwa kumi kwa wiki. Zikawa sita, zikawa mbili. Sheria za huko nazo zilikuwa zimekaza, Uingereza ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2022 ya kuwashtaki wanaouza insha kwa wanafunzi. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nafungua kompyuta asubuhi natazama ukurasa usiokuwa na kitu, naifunga.

Sikufutwa. Hilo ndilo ninalotaka uone. Huwezi kumfuta hasla. Nilikuwa nikitumia akaunti ya mtu ambaye sijawahi kumwona uso, yeye akilipwa kwa dola, mimi kwa shilingi 350 za ukurasa, na juu yake kulikuwa na tovuti, na juu ya tovuti watu ambao hata nchi yao siijui. Ngazi nzima ya watu. Lakini wakati kazi ilipokauka, ngazi ikayeyuka, nikabaki mimi na hustle yangu, ambayo sasa ilikuwa imenishinda mimi. Hakuna barua iliyoandikwa. Baadaye yule mwenye akaunti akanitafuta na ofa: insha zinaandikwa na mashine, mimi nizisugue kidogo zionekane zimeandikwa na binadamu. Nusu bei.

Rafiki yangu mmoja anaendesha pikipiki ya mkopo akipeleka chakula kwa oda za programu ya simu. Kila siku kuna kiasi kinaenda kwa wenye pikipiki, kila oda kuna asilimia inaenda kwa wenye programu, mafuta ni yake, mvua ni yake. Wao wanamwita mshirika. Siku moja nilimuuliza bosi wake ni nani, akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Bosi? Mimi ndio bosi yangu, msee."

Wiki mbili baadaye akaunti yake ilifungwa siku tatu, mteja alikuwa amelalamika. Alizunguka na simu mkononi akitafuta mtu wa kumpigia. Kulikuwa na kisanduku cha kuandika ujumbe na roboti ya kujibu. Siku ya nne ikafunguliwa, bila maelezo, akarudi barabarani, na jioni akanilipia chai akisema lazima tuhaso, hakuna njia nyingine. Pikipiki ilikuwa bado inadaiwa zile siku tatu.

Halafu kukaja Juni 2024. Mswada wa Fedha mnaukumbuka, mkate, mafuta ya kupikia, kodi juu ya kodi. Ninayoyakumbuka zaidi ni ya kabla ya watu kuingia barabarani. Watu wa rika langu, wale wa "nasukuma tu", walikaa usiku wakiusoma mswada kifungu kwa kifungu. Kuna walioutafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wengine wakaueleza kwa video za dakika moja. Jirani yangu anayeuza chapo alinieleza kifungu cha magari akiwa anakanda unga. Hakuna aliyekuwa akiuliza atahaso vipi zaidi. Walikuwa wakiuliza pesa inaingia wapi, inatokea wapi, na nani ameishika hapo katikati. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata rais akasema hatautia sahihi. Na neno hasla, ambalo miaka miwili nyuma lilikuwa wimbo, likawa la kutamkwa na kicheko cha pembeni, huku mwenye kulitumia akiitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa juu ya mkuyu.

Bado tunalitumia, lakini. Mimi mwenyewe nilisema "hustle" mara mbili jana, sina lingine la haraka. Siwezi kumsimamisha msee kwenye stage nianze kumweleza Uholanzi. Nikilisikia tu, kichwani natafuta kofia. Kijana wa jukwaa anayefundisha "siri za kuhaso" kwa elfu tatu, kofia iko wapi? Benki inayodhamini kongamano la mahasla? Mara nyingi ukiuliza hivyo unaona mkono haraka sana, hata haujafichwa.

Mtu mmoja tu ninayemjua halitumii kabisa. Mamangu anauza mahamri na mbaazi Magongo, Mombasa, anaamka saa tisa usiku. Wakati wa kampeni walikuja vijana wenye fulana za manjano wakamwita mama hasla.

"N'kawaambia hasla ni nyinyi," alinisimulia. "Mimi n'na biashara. N'na wateja, n'na deni la unga dukani, na n'na daftari."

Mwezi uliopita nilimpigia simu. Kuna wachapishaji wa vitabu vya shule walikuwa wameniita niwaandikie hadithi za watoto, za darasa la tatu na la nne. Nilisikia mafuta yakilia kwenye karai.

"Kazi ya muda gani?"

"Miezi minne."

"Wamekuandikia?"

"Wameandika, mama. Karatasi mbili."

"Na pesa?"

"Tarehe tano kila mwezi. Iko hapo kwenye karatasi."

"Haya, umepata kibarua mwanangu, alhamdulillahi." Akageuza mahamri, nikasikia kijiko. "Na wasipolipa hiyo tarehe tano, ofisi yao waijua?"

"Naijua. Ghorofa ya tatu. Nilienda kuiangalia kabla sijatia sahihi."